Jino Limejificha Ndani ya Taya? Soma Hii Kabla Hujalipia Jino la Kupandikiza

Unaziba mdomo kwa mkono kila ukicheka? Umeshaanza kuweka akiba ya jino jipya ili harusi ikukute na tabasamu kamili? Subiri kidogo. Inawezekana jino lako mwenyewe bado lipo, limelala ndani ya mfupa, na usipolijua hilo mapema unaweza kulipa mara mbili.

Hapa kwetu mwanya ni sifa. Msichana mwenye mwanya kati ya meno mawili ya mbele husifiwa tangu akiwa mdogo, na wapo wanaoutafuta kwa fundi wakati Mungu hakuwapa. Pengo ni habari nyingine kabisa. Pengo la pembeni, pale panapotakiwa kukaa chonge, humfanya mtu acheke nusu, achague upande wa kupigwa picha, na kwenye usaili wa kazi ajibu maswali huku midomo imebana. Bosi anadhani huyu hajiamini, kumbe mwenzake anaficha jino.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: si kila mwenye pengo aling'olewa jino. Wapo ambao jino lenyewe halijawahi kutoka. Lilikwama njiani. Miaka inapita, mtu anafika chuo, anapata kazi, anapata mchumba, na siku anapoamua kwenda kuweka jino la kupandikiza ndipo picha ya eksirei inaonyesha jino zima limelala juu ya ufizi, limejinyoosha utafikiri liko gesti.

Tuelewane mapema. Tukisema jino la kupandikiza hatuzungumzii vile vipandikizi vya uzazi wa mpango vinavyowekwa mkononi. Tunazungumzia skrubu ndogo ya madini ya titaniamu inayofungwa ndani ya mfupa wa taya ili ishike nafasi ya mzizi, kisha juu yake ikafungwa kofia inayofanana na jino la kawaida. Ni tiba nzuri sana ikifanywa kwa mtu anayeihitaji, kwa wakati wake. Ikiharakishwa, ni hasara.

JINO HUKWAMA VIPI?

Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32. Yanatoka kwa foleni, kila moja na zamu yake. Mawili ya mbele hutoka mtoto akiwa na miaka sita au saba hivi. Chonge za juu huchelewa mpaka miaka 11 au 12. Magego ya mwisho, ambayo wengi huyaita meno ya akili, huja kati ya miaka 17 na 25, na kwa wengine hayaji kabisa.

Yanayoongoza kwa kukwama ni hayo magego ya mwisho. Nafasi ya pili inashikwa na chonge za juu, ambazo hukwama kwa watu kama 2 hivi katika kila 100, na wanawake hupatwa na tatizo hili karibu mara mbili zaidi ya wanaume. Kwa nini chonge? Kwa sababu linaanzia safari yake juu sana, karibu na pua, na ndilo linalosafiri umbali mrefu kuliko meno yote ya mbele. Tena linafika wakati jirani zake wameshakaa. Ni kama abiria wa mwisho kwenye daladala. Akikuta siti zimejaa, anasimama pembeni au anabaki kituoni.

Likikosa njia, chonge linaweza kulala upande wa kaakaa, likaelekea upande wa shavu, au likalala kabisa kama mti ulioanguka. Mara nyingi haliumi. Hapo ndipo linapomdanganya mtu, maana sisi wengi tunaenda kwa daktari wa meno siku tukishindwa kulala.

Dalili zake ni za kimya kimya:

- Una zaidi ya miaka 15 na bado una jino dogo la utotoni mahali pa chonge, tofauti na mwenzake wa upande wa pili.
- Kuna pengo lisilo na historia. Hukuanguka, hukung'olewa, lakini lipo.
- Jino la jirani limeanza kulala, kujipinda au kulegea bila sababu.
- Ukipitisha ulimi juu ya kaakaa unahisi kinundu kigumu upande mmoja.

"MENO YA PLASTIKI": PENGO LENYE HISTORIA

Hapa inabidi tuongelee jambo ambalo familia nyingi hazipendi kulikumbuka. Kuanzia miaka ya 1980 Tanzania ilikumbwa na imani kwamba mtoto mchanga anayepata homa au kuharisha ana "meno ya plastiki", wengine wakiyaita meno ya nailoni. Nchini Uganda imani kama hiyo inajulikana kama ebino. Mganga au bibi mwenye uzoefu alikwangua ufizi wa mtoto na kutoa kitu cheupe, laini, akawaonyesha wazazi: mnaona, ndiyo hiyo plastiki!

Kile cheupe kilikuwa chonge la utotoni ambalo halijakomaa. Mtoto wa miezi michache meno yake yapo ndani ya ufizi, bado laini, na mahali pa chonge huwa pamevimba kidogo. Hapakuwa na plastiki yoyote. Homa ilikuwa na sababu nyingine, kama malaria au maambukizi ya tumbo, na watoto wengine walichelewa kupata tiba kwa sababu ya hilo.

Walionusurika wamekua, na leo baadhi yao wamo maofisini wakisoma magazeti kama hili. Nyuma ya chonge la utotoni ndipo lilipokuwa linatengenezwa chonge la ukubwani. Chombo kilichokwangua ufizi kinaweza kuwa kiliharibu na hilo la pili: likakosekana, likatoka na umbo la ajabu, au likapoteza njia na kukwama. Ndiyo maana daktari akikuuliza kama uliwahi "kutolewa meno" ukiwa mchanga, usione ni swali la kijinga. Mpigie mama umuulize, na usimlaumu. Alikuwa anaokoa mtoto wake kwa elimu aliyokuwa nayo.

PICHA KWANZA, BEI BAADAYE

Kosa linalogharimu watu ni kuingia kliniki na swali moja tu: "Jino la kupandikiza shilingi ngapi?" Swali la kwanza linatakiwa kuwa: "Ndani ya taya yangu kuna nini?"

Jibu linatoka kwenye picha. Kuna eksirei inayozunguka kichwa na kuonyesha meno yote ya juu na ya chini katika picha moja. Hiyo inatosha kujua kama jino lipo. Likionekana, daktari anaweza kuomba skani inayoonyesha taya kwa pande zote tatu, ili ajue jino limelala mbele au nyuma ya mizizi ya meno mengine, na mfupa uliopo una upana kiasi gani. Skrubu nyingi zinazowekwa mbele ya mdomo zina kipenyo cha kati ya milimita 3 na 4, na inatakiwa zizungukwe na mfupa kila upande. Huwezi kupima hayo kwa macho.

Picha ikitoka, utajikuta kwenye moja ya makundi matatu. Jino halipo kabisa. Jino lipo na linaweza kuvutwa likashuka. Au jino lipo lakini haliwezi kuvutwa. Kila kundi lina njia yake, na ni makundi mawili tu kati ya hayo ndiyo yenye sababu ya kufikiria skrubu.

LIKIWEZEKANA, LIVUTE

Hakuna jino la kununua linaloshinda jino lako lenye afya. Jino la asili limening'inia kwenye mfupa kwa nyuzi laini zinazoliwezesha kuhisi. Ukitafuna kokoto kwenye wali, ni zile nyuzi zinazokuambia acha. Skrubu haina nyuzi hizo, imeshikana na mfupa moja kwa moja. Tena jino linaloshushwa huja na mfupa na ufizi wake, na hilo hulifanya lionekane la asili.

Namna ya kulivuta ni hivi. Daktari anayepanga meno anakuwekea waya na kutengeneza nafasi. Kisha unapigwa ganzi, ufizi unafunguliwa kidogo, jino linabandikwa kijinyororo chembamba, na kijinyororo kinafungwa kwenye waya. Baada ya hapo ni subira. Jino linashuka taratibu, kidogo kila mwezi. Kazi nzima mara nyingi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili na zaidi.

Watu wazima nao wanaweza kufanyiwa. Ukweli ni kwamba kadiri umri unavyosogea, ndivyo uwezekano wa jino kugoma unavyoongezeka, kwa sababu jino lililokaa muda mrefu linaweza kugandana na mfupa. Mtu wa miaka 22 ana nafasi nzuri kuliko wa miaka 40. Ukiwa na miaka 30 na kitu usijikatie tamaa, lakini mwombe daktari akuambie waziwazi uwezekano wako ukoje na mtafanya nini likigoma.

Kama mna watoto, au mna wadogo zenu mnaowalea, chukueni hii. Mtoto akifika miaka 10, daktari anaweza kupapasa ufizi kwa kidole na kuhisi chonge linakuja au la. Likionekana linapotea njia, wakati mwingine kung'oa chonge la utotoni tu kunalifungulia njia. Utafiti uliofanyika Sweden na kuchapishwa mwaka 1988 ulifuatilia chonge 46 za namna hiyo kwa watoto wa miaka 10 hadi 13, na 36 kati yake zilirudi kwenye njia sahihi baada ya jino la utotoni kung'olewa. Linganisha gharama ya kung'oa jino moja la utotoni na gharama ya skrubu miaka 20 baadaye.

LIKISHINDIKANA, NDIPO SKRUBU

Sasa tuseme jino limelala kabisa, limegandana na mfupa, au linakula mizizi ya majirani. Au limezungukwa na kifuko cha maji kinachotanuka na kumaliza mfupa, jambo linaloweza kutokea hata bila maumivu. Hapo litatolewa, na skrubu inaingia kwenye mazungumzo.

Teknolojia hii ina historia tamu. Mwaka 1952 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mtiririko wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa kutumia vifaa vya titaniamu. Alipotaka kuvitoa, vilikuwa vimeshikana na mfupa, havitoki. Mwingine angekasirika kwa kupoteza vifaa vya bei ghali. Yeye alijiuliza kama mfupa wa binadamu nao ungekubali. Mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza, mtu mwenye matatizo ya taya na asiye na meno ya chini, na vile vipande vilimtumikia kwa zaidi ya miaka 40 hadi alipofariki mwaka 2006.

Kwa mtu aliyekuwa na jino lililokwama, hatua huwa hivi:

Kwanza, kulitoa. Ni upasuaji mdogo, kwa kawaida kwa ganzi ya kawaida ya meno. Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu kisha hupungua. Panga likizo ya siku chache.

Pili, kujaza shimo. Chonge ni jino lenye mzizi mrefu, na likitolewa katikati ya mfupa linaacha pango. Mara nyingi daktari hujaza chembechembe za mfupa ili pasibonyee, halafu mnasubiri miezi minne hadi sita. Mfupa ukiwa umebaki wa kutosha, kuna daktari anayeweza kuweka skrubu siku hiyohiyo. Uamuzi huo unategemea skani. Haraka yako haiingii hapo.

Tatu, kuweka skrubu. Watu wengi hushangaa kwamba hatua hii huuma kidogo kuliko kung'olewa jino. Mfupa unatobolewa taratibu huku ukipoozwa kwa maji, skrubu inafungwa, ufizi unashonwa.

Nne, kusubiri. Miezi mitatu hadi sita, ili mfupa uishike titaniamu kama ulivyovishika vifaa vya Brånemark.

Tano, kofia. Vipimo vinachukuliwa, rangi inalinganishwa na meno ya jirani, kofia inafungwa.

Ukijumlisha unapata miezi minane hadi mwaka na zaidi. Tafiti zinazofuatilia wagonjwa kwa miaka 10 huonyesha kwamba zaidi ya skrubu 90 katika kila 100 bado zipo mahali pake. Hiyo ni rekodi nzuri sana. Lakini kofia ya juu huchakaa, na baada ya miaka 10 au 15 inaweza kuhitaji kubadilishwa. Mtu akikuahidi "ya maisha", mwombe aandike.

Kuna madaktari wachache nje ya nchi waliowahi kupitisha skrubu katikati ya jino lililokwama bila kulitoa. Hiyo bado si njia ya kawaida, kwa hiyo ukiambiwa "tutaliacha tu humo, tutoboe juu yake", tafuta maoni ya daktari wa pili.

MBONA HARUSI NI DESEMBA?

Hapa ndipo penye moto. Kamati imeshakaa, kadi za michango zimeshasambazwa, mpiga picha amelipwa kianzio, na bibi harusi mtarajiwa wa miaka 28 anaingia kliniki mwezi Agosti akitaka pengo lizibwe kwa skrubu kabla ya send-off. Hesabu ya hapo juu inakataa. Na akipata mtu wa kumkubalia kila kitu kwa wiki sita, bila skani na bila kusubiri mfupa upone, anaweza kwenda fungate na skrubu inayotikisika. Skrubu iliyolegea inatolewa, mfupa unakuwa umepungua, na safari inaanza upya kwa gharama kubwa kuliko ya kwanza.

Suluhisho lipo, tena si la aibu. Picha za harusi zinahitaji jino linaloonekana, hazijali kama lina mzizi. Kuna jino la bandia la kuvaa na kuvua, jepesi, linaloweza kutengenezwa kwa siku chache. Kuna daraja linalogundishwa nyuma ya jino la jirani bila kulichonga sana. Ukivaa waya, jino la muda linaweza kuning'inizwa kwenye waya uleule. Unafunga ndoa, unacheza kwaito, unakata keki, halafu mwezi Januari mnaendelea na tiba yenyewe kwa utulivu.

Na kama chonge lako la utotoni bado limesimama imara? Kuna watu wanaoishi nalo mpaka miaka 40 na zaidi. Linaweza kurembeshwa lifanane na la upande wa pili. Kuliacha, huku lile lililojificha likipigwa picha kila baada ya muda, nako ni uamuzi wa kitabibu.

GEGO LA MWISHO: USILIPIE USICHOHITAJI

Tulisema magego ya mwisho ndiyo yanayoongoza kwa kukwama. Likikusumbua kwa kuvimba, kunuka mdomo au kuozesha jirani, litolewe. Lakini likitoka halihitaji kurudishiwa chochote. Meno 28 yanatosha kutafuna nyama choma ya aina yoyote. Ukitajiwa bei ya skrubu ya kuziba nafasi ya gego la mwisho, shika mkoba wako uondoke.

Skrubu inaweza kuhitajika kwa jirani yake, gego la pili. Gego la mwisho lililolala huliegemea, chakula kinanasa katikati, na gego zuri linaoza kwa pembeni mahali ambapo mswaki haufiki. Kwa hiyo gego lililokwama lisilokusumbua si lazima litolewe. Mwaka 2000 taasisi ya NICE ya Uingereza iliwashauri madaktari waache kutoa magego ya mwisho yasiyo na ugonjwa. Kuacha huko kunaendana na kuliangalia. Lipigwe picha kila baada ya muda.

NANI ASUBIRI?

Wasiomaliza kukua. Skrubu haikui wala haisogei. Kijana wa miaka 15 akiwekewa, meno mengine na taya vinaendelea kushuka na ile skrubu inabaki juu, jino linaonekana fupi. Wasichana wengi humaliza kukua wakiwa na miaka 17 au 18, wavulana huchelewa hadi 20 au 21. Kwa sababu hiyohiyo, kama unahitaji waya, waya zitangulie. Skrubu ikishashika haivutwi.

Wajawazito. Hii ni tiba ya kupangwa, haina dharura. Mtoto kwanza.

Wavutaji sigara. Moshi unapunguza damu kwenye ufizi na kuchelewesha mfupa kupona. Kushindwa kwa skrubu ni kwingi zaidi kwao. Jamaa, kama unataka sababu ya kuacha, hii hapa.

Wenye kisukari kisichodhibitiwa na wenye ugonjwa wa fizi. Sukari ishuke kwanza, fizi zitibiwe kwanza. Ufizi unaotoka damu kila ukipiga mswaki ni msingi mbovu. Nyumba haisimami hapo.

Wanaotumia dawa za kuimarisha mifupa au waliopigwa mionzi ya saratani kichwani na shingoni. Mwambieni daktari kabla ya chochote.

NYIE WAWILI MNALIONGELEAJE?

Pengo la mmoja ni habari ya wote wawili. Mwanaume anayemtania mchumba wake "kibogoyo wangu" mbele ya marafiki anadhani anachekesha. Mwenzio atacheka, kwa mkono mdomoni, na usiku huo atafungua akaunti ya siri ya kuweka hela ya jino. Wapo pia wanaofanya kinyume: wanamlipia mwenzao kliniki bila kumuuliza, kama zawadi. Zawadi inayosema "nakupenda, ila rekebisha hapa" inaumiza.

Anza na swali. Muulize kama lile pengo linamsumbua. Akisema halimsumbui, hadithi imekwisha, labda kubaki picha ya eksirei kwa ajili ya afya. Akisema linamsumbua, mpango uwe wa wawili. Tiba hii ni mamilioni ya shilingi kwa jino moja, na inaingia katika bajeti ileile yenye kodi ya nyumba na kiwanja. Kitakachowagombanisha ni mshangao. Mume anasikia bei ya skrubu, anakubali, halafu inakuja bili ya skani, ya mfupa, ya kofia, na anaanza kuhisi ameingizwa mjini. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo andikeni.

Halafu kuna swali ambalo watu hulinong'ona: mabusu vipi? Wiki ya kwanza baada ya upasuaji mpe mwenzio shavu, kidonda kipumzike. Kikishapona hakuna tofauti. Skrubu imefungwa kwenye mfupa, haitoki wala kugonga, na anayekubusu hawezi kuijua.

KABLA HUJALIPA, ULIZA HAYA

1. Je, picha inaonyesha jino langu la asili lipo? Naomba unionyeshe.
2. Linaweza kuvutwa? Kama haliwezi, ni kwa nini?
3. Bei uliyonitajia imejumuisha nini? Skani, kutoa jino, kujaza mfupa, skrubu, kofia na jino la muda?
4. Nani atafanya upasuaji, na nani atatengeneza kofia? Ameshafanya kazi za namna hii?
5. Skrubu ikikataa ndani ya mwaka mmoja, nani anabeba gharama?
6. Ni skrubu ya kampuni gani, na ukubwa gani? Nipe kadi yake.

Hilo la sita usilipuuze, hasa kama unafikiria kwenda kutibiwa India au kwingineko. Kila kampuni ina vipimo na bisibisi zake. Ukirudi nyumbani kofia ikalegea, daktari wa hapa bila ile kadi atabaki kubahatisha.

Hakikisha pia daktari amesajiliwa. Kwa Tanzania Bara msajili ni Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya nao wana baraza lao la madaktari na madaktari wa meno. Kuuliza usajili si kumvunjia mtu heshima. Na usikubali kubandikwa jino saluni, hata kama dada wa saluni ni shoga yako. Akisuka vibaya utafumua, taya haifumuliwi.

Ukishawekewa, skrubu haiozi kama jino, lakini ufizi unaoizunguka unaweza kupata maambukizi na mfupa ukaliwa taratibu. Mswaki mara mbili kwa siku, uzi wa meno au brashi ndogo ya katikati ya meno, na kumuona daktari angalau mara moja kwa mwaka. Na ile tabia ya kufungua soda kwa meno, iache leo.

Kwa hiyo, kabla hujauliza bei, piga picha. Kama jino lako lipo na linaweza kushuka, lipe muda lishuke. Kama haliwezi, fuata hatua bila kuruka hata moja, na harusi isikusukume. Miaka 10 ijayo hakuna atakayekumbuka kwamba siku ya sherehe ulikuwa na jino la muda. Wewe ndiye utakayekuwa unatafuna nalo.